Boma limepona, magodauni je?

Juzi kati nilikuwa Iringa kwa mambo ya familia, siku ya kuondoka nikajikuta nina masaa kama matatu kabla ya basi, nikamwambia mtoto wa dada yangu twende Boma. Yeye yuko kidato cha pili, anasoma palepale mjini na alikuwa hajawahi kuingia, na mimi mwenyewe miaka yote nilikuwa napita tu nje nikiona kibao nasema siku moja. Basi tukaenda. Kama hujafika, ni lile jengo la zamani katikati ya mji, Wajerumani walilijenga mwaka 1900, mwanzo likawa hospitali ya jeshi lao, baadae likatumika miaka mingi sana kama ofisi za utawala, na mwaka 2016 likafunguliwa kama makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Mradi uliitwa Fahari Yetu, Chuo Kikuu cha Iringa ndo walikuwa wanauendesha na hela ilitoka Umoja wa Ulaya.

Niseme ukweli, nilifurahi. Ukiweka mkono kwenye dirisha la lile jengo ndo unajua ukuta ni nini, mkono wangu wote mpaka kiwiko umelala kwenye unene wa ukuta na bado nafasi imebaki, nje jua kali la saa saba na ndani baridi kama umeingia kwenye mtungi. Hakuna feni wala kiyoyozi. Mafundi waliolirudisha hawakulifanya liwe jipya, walilifanya lipone, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa ambavyo nitavirudia huko mbele maana ndo vinavyonisumbua.

Tukazunguka, mtoto anasoma maelezo kwa sauti, tukafika kwenye vyombo vya nyumbani na vile vikapu vya milulu ambavyo akina mama wa Kihehe wanasuka mpaka leo, akashika kimoja akakigeuza, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mjomba, hiki ni cha nyumbani. Sasa mahindi ya mji mzima walikuwa wanaweka wapi?"

Nikamjibu kwenye magodauni. Akauliza yako wapi tuyaone. Nikanyamaza, maana jibu ninalo ila ni la aibu.

Tukatoka tukashuka kwa miguu kuelekea soko kuu nikamwonyesha. Mitaa ile ya kuzunguka soko, na ule upande wa msikiti wa Ismailia wenye saa, ukiacha kuangalia mabango ya simu na ukaangalia juu kidogo, unaona mji mwingine. Nyumba za biashara za zamani, baraza mbele yenye nguzo, duka katikati, familia inaishi nyuma au ghorofani, halafu ukizunguka uani kule kwenye uchochoro ndo unakuta mlango mkubwa kuliko wa duka, mlango wa mbao mbili zinazofungukia nje, na sakafu yake iko juu, imeinuliwa makusudi ili lori likirudi nyuma kitanda chake kilingane na sakafu, gunia lisishushwe chini wala lisipandishwe, livutwe tu. Hilo ndo godauni. Watu wa Iringa wanalipita kila siku kwenda kununua nyanya. Moja tulikuta ni stoo ya viti vya plastiki, lingine limekatwa vipande vinne vimekuwa fremu za nguo na simu, na la tatu palikuwa na mabati yamezungushiwa na ndani tofali za zamani zimerundikwa, zinasubiri mnunuzi.

Hoja yangu nzima ni hii, na naomba wadau wa Nyanda za Juu Kusini wanisikilize. Sisi tumejifunza kutunza nyumba za waliotutawala, boma, kanisa la misheni, gereza, na tumeacha kutunza nyumba ambazo sisi wenyewe tulizifanyia kazi. Boma lina wageni wachache sana kwenye historia yake: askari, karani, mkuu wa wilaya, na mtu aliyeitwa kuja kulipa kodi. Kwenye godauni ulipita mkoa mzima. Kila mkulima aliyewahi kuuza kitu, kila kuli, kila dereva na utingo, kila mama aliyekaa nje ya mlango akiokota punje zilizomwagika, wote walipita pale. Ukitaka kujua mkoa uliishije, usianzie kwenye bendera, anzia kwenye mizani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa Ismani. Kwa wasioijua, Ismani iko ukitoka Iringa kwa barabara ya Dodoma, na miaka ya hamsini na sitini ilikuwa nchi ya mahindi kwelikweli, watu wamelima mashamba makubwa kwa trekta, wengine wametoka mbali kuja kulima. Mahindi yale yote yalikuwa yanaingia mjini Iringa kwa lori. Babu alikuwa akisimulia habari za mwaka wowote haanzi na mvua, anaanza na mlango wa godauni. Anasema mwaka ule tulisubiri mlangoni siku mbili. Mwaka ule mizani ilikataa. Yaani kwake mwaka haukuwa umeisha mpaka gunia lipande kwenye mizani ya mtu mwingine na karani aandike. Gunia ni debe sita, kila mkulima anajua, ila lililofika mlangoni likiwa limeshindiliwa mpaka limevimba juu na kushonewa kofia, lile tunaloita lumbesa, linahesabiwa gunia moja vilevile, na debe la saba linakwenda bure. Sheria ya vipimo sahivi inasema mazao yasifungashwe zaidi ya kilo 100 na bado mpaka leo ukienda Njombe au Uporoto kwenye viazi unaiona lumbesa kwa macho yako. Sasa ugomvi huu wa zaidi ya miaka sitini una nyumba yake, una mlango wake, na nyumba yenyewe tunaigeuza stoo ya viti vya plastiki.

Halafu kuna mwaka 1971, na hapa naomba nikae kidogo maana ni mwaka ambao huwezi kuusoma vizuri ukiangalia shamba peke yake au mji peke yake. Aprili ya mwaka ule ilipita sheria ya kutwaa majengo, nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo mwenyewe alikuwa anapangisha zikawa mali ya serikali, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mitaa ya biashara ya Iringa na Uhindini kwa Mbeya ndo iliguswa, familia nyingi za Kihindi zikafunga zikaondoka, wengine Dar, wengine Uingereza na Kanada. Desemba ya mwaka uleule, siku ya Krismasi, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, akapigwa risasi kule Ismani na mkulima Said Mwamwindi kwenye mvutano wa ardhi na ujamaa. Leo chuo cha ualimu pale Iringa kinaitwa jina la Klerruu, kila mtu analijua, ila ukimuuliza kijana yale mahindi ya Ismani yalikuwa yanauzwa wapi, kwa nani, na huyo nani alipatwa na nini miezi minane kabla ya ile Krismasi, hana pa kwenda kuangalia. Shamba na duka vilitikiswa mwaka mmoja. Ukisimama ndani ya godauni moja la enzi hizo unavielewa vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu vilikutana pale sakafuni.

Na baada ya hapo maghala yakapita mikono mingi. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lililoanzishwa 1968, likawa ndo mnunuzi wa nafaka, vyama vya ushirika vikafutwa 1976 halafu sheria ikaja kuvirudisha 1982, Msajili wa Majumba akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kila aliyekuja alipaka rangi yake juu ya ya mwenzake. Ukikwaruza mlango wa zamani kwa ukucha unakuta kijani, chini yake bluu, chini yake nyekundu ya udongo, na kila rangi ina enzi yake.

Sasa kwanini hayalindwi? Watu wengi wanadhani jengo likiwa la zamani tu basi sheria inalilinda. Hapana. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Fikiria huo mwaka kwa huku kwetu. Mwaka 1863 Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa bado mtoto. Vita ya Lugalo, pale alipowapiga Wajerumani, ni Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, mji wa Iringa tunaoujua ukaja baada ya hapo. Mbeya ndo kabisa, mji umeanza 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwa hiyo hakuna tofali hata moja ya Mbeya mjini inayoweza kuingia kwenye ulinzi ule wa moja kwa moja. Mwaka ule unafaa Kilwa, Bagamoyo na Unguja, pwani wana mawe ya karne na karne. Bara, na hasa huku kusini, sheria inatuona kama hatuna cha zamani. Na kuna kitu kimoja ndani yake kinaniuma zaidi, sheria hiyohiyo inaitambua milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, yaani mlango wenye maua ukiwa na umri huo unalindwa, ila ghala lililolisha mji, kwa kuwa ukuta wake hauna nakshi, halilindwi. Nakshi ya ghala iko kwenye sakafu yake, na ili uione lazima mtu akuonyeshe.

Mimi nilionyeshwa. Hapa Mbeya, Uhindini, kuna godauni moja ambalo nilibahatika kuingia miaka kadhaa iliyopita kabla halijakarabatiwa, nilikwenda na rafiki yangu anayefanya biashara ya maharage alikuwa anatafuta pa kupanga. Tulipokelewa na mzee mmoja aliyekuwa analinda pale, kumbe ndo alibeba mizigo humohumo ndani tangu ujana wake.

Nikamsalimia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, karibuni, akawasha tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatwa. Nikaona ukuta wa kushoto umejaa mistari. Mistari mifupi ya makaa na mingine ya chaki, minne imesimama na wa tano umelala juu yake, minne na mmoja, minne na mmoja, safu kwa safu kutoka usawa wa kiuno mpaka mkono unapoishia. Nikadhani watoto. Mzee akasema hapana, hiyo ni hesabu yetu. Kila fungu ni gunia tano. Karani alikuwa na daftari lake na sisi tulikuwa na ukuta wetu, maana tulilipwa kwa gunia na karani akisahau anasahau upande mmoja tu. Kwa hiyo kila genge lilikuwa na kona yake ya ukuta na alama yake juu, genge la mzee lilichora duara lenye nukta katikati. Jioni karani anasoma daftari, wao wanasoma ukuta, vikipishana hakuna anayeondoka.

Akanionyesha sakafu. Ni saruji ya zamani, imekolea rangi, na kutoka mlangoni mpaka pale palipokuwa na mizani kuna njia imechimbika, ukipitisha mguu unaisikia, kama mfereji mpana usiozidi kina cha kidole. Hakuna aliyeichimba. Ni miguu. Watu wenye kilo mia mgongoni wanapita palepale kwa miaka, peku au na ndala, hatua ileile kwa sababu mwenye mzigo hapendi kukata kona. Halafu akanionyesha matundu ya hewa chini ya paa yenye wavu wa kuzuia ndege, na zile chaga za mbao zilizokuwa zinawekwa chini ya magunia ili unyevu usipande na panya wasijifiche. Akasimulia miaka dumuzi alipoingia nchini, yule mdudu ambaye watu walimpa jina la Skania kwa jinsi anavyobomoa mahindi, anasema ukiweka sikio kwenye gunia unasikia kama mtu anatafuna. Na harufu! Mzee alinisogeza kwenye nguzo moja ya mbao akasema nusa. Ilikuwa inanuka pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, miaka yote hiyo, kwa sababu upande ule ndo walikuwa wanaweka maua makavu ya pareto na anasema upande ule mdudu hakugusa kitu.

Nimekaa na picha ile kichwani mpaka mwaka jana, niliposikia godauni limekarabatiwa. Nikaenda mbio. Na kiukweli mwenye nyumba hakulivunja, na kwa hilo namshukuru, paa jipya limewekwa kwa umbo lilelile, mlango mkubwa umebaki, mbele kumepakwa rangi nzuri nyeupe na watu wanapiga picha za harusi pale. Ila ndani sakafu yote ni taili. Juu gipsam. Madirisha ya aluminiamu. Ukuta wa kushoto umepigwa plasta ya simenti kutoka chini mpaka juu, laini kama yai. Nilisimama pale nikatafuta kwa mguu ile njia ya makuli chini ya taili, na mguu wangu haukusikia kitu.

Hapa ndo naomba nieleze jambo la kifundi, maana wengi wanalifanya kwa nia njema. Kuta za zamani zilijengwa kwa mawe au tofali za kuchoma na zikaunganishwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hii unavuta unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, halafu unautoa nje taratibu jua likiwaka. Ukiupiga plasta ya simenti umeuziba pua. Maji yanaingia kwa chini kama kawaida ila hayana pa kutokea, yanapanda juu ndani ya ukuta, yanabeba chumvi, na baada ya masika moja au mawili unaanza kuona unga mweupe, rangi inavimba kama malengelenge, plasta inabanduka vipande na inaondoka na uso wa tofali. Mvua za Mbeya za Novemba mpaka Aprili sio za kuchezea. Godauni lile nililoenda, mwaka haujaisha na kona ya nyuma tayari imeshatoa unga. Fundi atakuja kupiga simenti nyingine juu, nene zaidi, na ukuta utazidi kuoza ndani.

Dawa yake ni chokaa, na wala haitoki Ulaya. Songwe hapo tuna mawe ya chokaa, ndo kiwanda cha simenti kimesimama juu yake. Jiwe linachomwa kwenye moto mkali, nyuzi kama 900, linamwagiwa maji linachemka lenyewe, ile uji yake ikikaa muda inakuwa laini kama siagi, unachanganya na mchanga unapiga ukutani. Inakauka polepole na inataka fundi mwenye subira, hiyo ndo gharama yake kubwa, subira, maana fundi wetu wa leo anataka apige asubuhi na jioni alipwe. Ila ukuta unapumua. Na kwa ule ukuta wa hesabu hata chokaa haikutakiwa, ulitakiwa kuachwa tu, futi kumi za ukuta, uwekewe kioo au hata kamba.

Najua majibu ya watu, nimeyasikia sana na siyadharau. Kiwanja cha Uhindini au cha karibu na soko kuu Iringa ni hela, mtu ana watoto wanasoma, fremu sita zinampa kodi kila mwezi na godauni moja linampa kodi moja tena ya kubembeleza. Huwezi kumwambia akae na njaa atunze historia ya wengine. Nakubali kabisa. Mimi pia sitaki kila godauni liwe makumbusho, makumbusho kumi kwenye mji mmoja yatafungwa yote, na jengo lililofungwa linakufa haraka kuliko linalotumika. Godauni linataka mzigo. Linataka mlango ufunguliwe asubuhi na hewa ipite. Mtu aweke maharage yake, aweke duka la mchele, mgahawa, karakana ya wasusi wa vikapu, chochote, ila sakafu ile iachwe na ukuta ule uachwe, hivyo viwili havimnyimi mtu kodi hata shilingi.

Na sio kwamba nasema ndoto. Dar es Salaam lile Boma la Kale la enzi za Sultani Majid, la miaka ya 1866 na 1867, limekarabatiwa na leo ni kituo cha watu kujifunza majengo ya jiji. Mikindani boma la Wajerumani liligeuzwa hoteli, wageni wakalala humo na kijiji kikapata ajira. Na hao Wajerumani wenyewe, kule kwao Hamburg, mtaa wao mzima wa maghala ya bandarini, Speicherstadt, walikokuwa wanaweka kahawa na viungo na mazulia kutoka dunia nzima, mwaka 2015 umeingizwa kwenye urithi wa dunia. Wao waliona ghala ni urithi sawa na kanisa. Sisi tumetunza boma walilotuachia, ghala zetu tunauza tofali.

Kwa Mbeya na Iringa mimi naanzia kwa Shirika la Nyumba, kwa sababu majengo mengi ya mitaa ile bado yapo mikononi mwake, mwenye nyumba mmoja mkubwa ni rahisi kukubaliana naye kuliko wenye nyumba mia. Kwenye mkataba wa upangaji unaweka kipengele kwamba mpangaji haruhusiwi kupiga simenti kwenye ukuta wa zamani wala kufunika sakafu, basi. Halmashauri nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, hawana haja ya kusubiri ule mwaka 1863 ubadilishwe Dodoma, ingawa na wenyewe ubadilishwe. Wanafunzi wa historia wa Iringa na hawa wa hapa kwetu watumwe na kamera na tepu ya kupimia kila uchochoro, jengo kwa jengo, kabla ya masika yajayo, kazi ambayo haihitaji bajeti ya kutisha. Ila la haraka kuliko yote ni wazee. Tofali inaweza kusubiri miaka mitano. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1971 leo amevuka sabini, na yeye ndo anajua duara lenye nukta lilikuwa la genge lipi.

Kwa hiyo siku ile nilipotoka kwenye lile godauni jeupe nilimtafuta yule mzee. Nilimkuta Sokomatola, anakaa kwa mwanae, ameshaacha kulinda. Nikamwambia baba, wameziba ukuta. Akasema najua, nilikuwepo wanapiga. Halafu akanyanyuka, akachukua fimbo, akasema twende.

Tukarudi. Vijana wa pale wanamheshimu, wakamwacha apite mpaka nyuma, kwenye kichumba kidogo ambacho mafundi walikuwa wanawekea ndoo na mifuko ya simenti na hawakukimalizia. Akasogeza mbao mbili. Nyuma yake kuna kipande cha ukuta, hakizidi upana wa mlango, mistari ya makaa ipo, juu kabisa duara na nukta yake. Akaanza kuhesabu na kidole bila kugusa, tano, kumi, kumi na tano, anasogeza midomo tu, mimi napiga picha. Akafika mwisho kwenye fungu ambalo halijakamilika, mistari mitatu imesimama na haina wa kulala.

Nikamuuliza hapa mzigo uliisha?

Akasema hapana mwanangu, hapa mvua ilinyesha, tukasema tutamalizia kesho.